Hajawahi Kuzaa

Ugomvi ulianza na jora la pazia. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, katika duka alilotuachia baba, na asubuhi hiyo tulikuwa tumefungua robota jipya. Nikainua jora moja la rangi ya maziwa, na mikono yangu ikakataa. Nimebeba majora tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi, najua uzito wake bila kuambiwa. Nikamwambia mdogo wangu, "Hili halifiki mita thelathini."

"Linafika. Lebo hiyo hapo, soma."

"Lebo haitundikwi dirishani. Nakwambia halifiki."

Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Hupanda haraka, ndivyo nilivyozaliwa. Baba yangu alikuwa vilevile, ila kwake iliitwa ukali wa mtu mwenye kazi zake. Kulikuwa na mteja dukani, mama wa makamo aliyetoka Morogoro kutafuta mapazia ya sebuleni. Mdogo wangu akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akaishusha sauti yake kwa ule upole ninaouchukia kuliko tusi.

"Dada," akasema, "dawa umemeza leo?"

Yule mama akaacha kuangalia vitambaa, akaanza kuniangalia mikono, ambayo hutetemeka kidogo kwa sababu ya dawa hizo hizo. Nikachukua kipimo chetu cha mbao cha mita moja, nikalikunjua jora zima juu ya kaunta mbele yao wote wawili, nikahesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ishirini na sita na nusu. Mdogo wangu akasema, "Duh, jamaa katupiga," akatoka nje kumpigia simu aliyetuuzia. Hakuniomba radhi. Sidhani alijua kuna kosa, maana hata mimi nilikuwa nimeacha zamani kulihesabu swali lile kuwa kosa.

Siku hiyo liliniuma. Nililikunja lile jora huku machozi ya hasira yananitoka, nikajiambia kwamba kama kitambaa kinaweza kukunjuliwa kikapimwa upya, na mimi nitakwenda kupimwa upya.

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikiitwa mgonjwa wa akili, wa skizofrenia. Nikicheka sana, mama anaacha kula. Nikinyamaza sana, mama anakuja kukaa karibu yangu bila sababu, na soksi ya kufuma mkononi. Kwenye vikao vya familia naulizwa mwisho, na nikishasema, watu wanatikisa vichwa kwa heshima halafu wanaendelea na walichokwisha kuamua. Mwanamume mmoja wa Moshi aliwahi kuja kuniposa, mtu mzuri, mpole. Nyumbani waliona ni haki aambiwe, wakamwambia. Alimaliza soda yake akaaga.

Sijawahi kusema ugonjwa huu ni uongo. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na watu wanaoumwa kweli, na nimeona dawa zikiwarudisha kwa watoto wao na kwa kazi zao. Nilichokuwa nataka kujua ni kama ugonjwa ule ni wangu.

Kliniki tunayohudhuria, mgonjwa hubeba daftari lake mwenyewe. Ni daftari la shule la kawaida, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Daktari analifungua, anasoma alichoandika mwenzake mwezi uliopita, anakuuliza unalalaje, unakulaje, anaandika aendelee na dawa. Daftari likijaa, unanunua jingine kwa mama muuza karanga nje ya geti, na nesi anakunakilia ukurasa wa kwanza kutoka lile la zamani: umri, kazi, ugonjwa, historia kwa kifupi. Ananakili haraka kwa sababu foleni inafika hadi kwenye ngazi, na hakuna anayemlaumu. Mimi nilikuwa kwenye daftari la saba.

Kwanza nilijaribu kwa daktari wa kulipia, maeneo ya Posta, ofisi yenye kiyoyozi na tangi la samaki. Nilivaa gauni langu la kanisani. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Jumapili. Akanikaribisha vizuri, akaomba daftari, akausoma ukurasa wa kwanza, na kutoka hapo akaanza kunisemesha polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamwambia nataka anichunguze yeye mwenyewe, asinisome. Akatabasamu, akaandika. Nilipofika kwenye lifti nikafungua kuona ameandika nini. Aliandika kwamba mgonjwa hakubali kuwa anaumwa, aendelee na dawa.

Nilitembea kwa miguu kutoka Posta hadi Kariakoo nikiwa nachemka. Ukisema unaumwa, unaumwa. Ukisema huumwi, basi hapo ndipo unapoumwa zaidi. Sasa mtu apite wapi?

Wiki kadhaa baadaye nikakuta daktari mpya pale kliniki yetu ya kila mwezi. Alikuwa msichana tu, mdogo kuliko mimi, nywele kazifunga kwa kitambaa. Nilimpa daftari bila matumaini. Akalipokea, akalifunga, akaliweka pembeni.

"Hili nitalisoma baadaye," akasema. "Niambie wewe, dada. Ilianzaje?"

Nikasema ninachosema siku zote. "Nilianza kusikia mtoto analia dukani."

"Mtoto gani?"

Miaka kumi na minne, madaktari sijui wangapi, na hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto gani. Walikuwa wakiuliza analia mara ngapi, analia usiku au mchana, ananiambia nifanye nini. Nikamjibu, "Sijui, daktari," na hilo halikuwa jibu la kweli.

Alinitazama kidogo. Ndipo akafungua daftari. "Hapa wanasema historia ilitolewa na mama mzazi. Daftari la kwanza kabisa liko wapi?"

"Mama ndiye anayetunza."

"Naomba uniletee. Na mama mwenyewe, tarehe ijayo njoo naye. Mtu akiumwa vile mara ya kwanza, mwenyewe hakumbuki kila kitu. Namhitaji mtu aliyekuwepo." Nikiwa mlangoni akaniita tena. "Na dawa usiache. Umenisikia? Hata ukikasirika vipi."

Alijua kusema hivyo. Mwaka mmoja niliwahi kuziacha kwa ghafla, kimyakimya, kwa kiburi. Siku tatu sikulala, mwili ukatetemeka, nikampigia makelele mpaka mchungaji. Waliandika amerudiwa. Labda nilirudiwa kweli, labda ilikuwa ni mwili kunyimwa ulichozoea. Hadi leo hakuna anayeweza kuniambia.

Tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, mama na mimi. Alhamisi mama huwa kwenye ibada ya wanawake. Alhamisi hiyo nilivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, nikayakuta madaftari yangu yote yamefungwa pamoja kwa ukanda wa kanga, yamepangwa vizuri, maana mama yangu ni mtu wa mpangilio. La kwanza lilikuwa chini kabisa. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu ambaye bado alikuwa na muda. Mwanafunzi wa chuo, ameletwa na mama yake. Hajalala siku sita. Anasikia mtoto mchanga analia, anamtafuta. Hajawahi kuzaa.

Nilikaa kitandani kwa mama na daftari mapajani. Nilikuwa najua kwamba maneno yale yapo mahali fulani, kwa sababu nilikuwepo yakisemwa. Kuyaona yameandikwa kwa wino ilikuwa jambo jingine.

Nilizaa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa pili chuoni, na aliyenipa mimba alibadilisha namba ya simu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Aliwahi kusimama mbele ya usharika wakati binti wa watu anatengwa kwa kosa hilo hilo, na nyumbani akala chakula chake cha mchana kama kawaida. Kabla tumbo halijaonekana mama akanipandisha basi kwenda Kilimanjaro kwa bibi, mama yake mzazi. Baba aliambiwa niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Alifurahi sana, akanitumia na soksi za baridi.

Nilijifungulia nyumbani kwa bibi, kwa mikono ya bibi na nesi mmoja mstaafu wa jirani. Mama alikuja kwa siku hizo. Nilitoka damu nyingi, homa ikanishika, na kuanzia hapo kumbukumbu zangu zina matobo. Ninachokumbuka ni kitu kidogo cha moto kifuani kwangu, kinanuka maziwa na moshi wa jikoni, na kilio chembamba chenye mkwaruzo mwishoni, kama mlango wa kabati. Nilipopata nafuu bibi aliniambia mtoto alizaliwa amekufa. Nikasema mbona nilimsikia. Bibi akasema ni homa. Nikamwangalia mama, na mama naye akasema ni homa. Kisha bibi akaniwekea mkono kichwani, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote baba. Nikaapa.

Wiki tano baadaye nilikuwa nimerudi dukani, na kilio kile kikaja. Kariakoo mtoto akilia hakuna anayegeuka. Wapo kila mahali, migongoni, ndani ya maboksi, chini ya meza za nguo, na mama zao wanauza. Mimi nikawa nageuka kila mara. Nikaacha kulala. Siku ya sita niliyakunjua majora yote ya dukani nikimtafuta, moja baada ya jingine, mpaka sakafu yote ikawa pazia na baba amesimama mlangoni ameshika kichwa. Sijifichi. Siku zile niliumwa, tena vibaya.

Lakini kwa daktari aliyeulizwa alikuwa mama. Ndiyo kawaida, anayeumwa akili husemewa na aliyemleta. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimeshachomwa sindano, ulimi mzito kama gogo, nikamsikia akiulizwa kama nimewahi kuzaa, na nikamsikia akijibu. Nami nilikuwa nimeapa. Nikanyamaza. Nilinyamaza hata bibi alipokufa, hata baba alipotutoka miaka mitatu iliyopita bila kujua. Kwa hiyo uongo ule haukuwa wa mama peke yake, na sitaki kuandika hapa kana kwamba ulikuwa wake.

Ubaya wa kunyamaza ni kwamba baada ya muda nami nikaanza kujitilia shaka. Kama kilio kilikuwa homa, kwa nini na tumbo lisiwe homa? Mtu anayesikia yasiyokuwepo anashindwa nini kukumbuka yasiyokuwepo? Nikajijengea tabia ambayo hakuna aliyeigundua. Mtoto akilia mahali, sigeuki. Kwanza naangalia uso wa mtu aliye karibu. Nikiona naye amesikia, ndipo nageuka. Nimefanya hivyo sokoni, kanisani, kwenye misiba, miaka yote.

Nilitia daftari kwenye mkoba nikashuka dukani, ila sikuingia kwetu. Niliingia kwa jirani. Ni bibi wa Kiarabu anayeuza udi, marashi na mashuka, na duka lao lilikuwepo pale kabla ya letu. Kwake mtu anaweza kukaa bila kuzungumza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo umeutoa wapi?"

Nikamwambia tu kwamba daktari anataka mtu aliyekuwepo nilipoanza kuumwa. Sikutaja mtoto. Aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Ulipotoka kwenu mwaka ule," akasema, "ulipita hapa kunisalimia. Blauzi yako ilikuwa imelowa hapa na hapa." Akajigusa kifuani. "Mie nimezaa sita, mwanangu. Maji nayajua na maziwa nayajua."

Akaniletea kiti cha plastiki. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nimwambie nani? Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako, ananitazama machoni."

Nililia kwenye kiti kile mpaka mteja wake mmoja akaghairi akaondoka. Kwanza lilikuwa chozi la nafuu. Tumbo lilikuwepo. Kulikuwa na mtu mwingine duniani, asiye na sababu yoyote ya kunidanganya, aliyekiona lilichokiacha.

Mama aliporudi kutoka ibadani alikuta daftari limefunguliwa juu ya meza ya chakula. Alilitambua akiwa bado mlangoni.

"Umepekua sanduku langu?"

"Daktari anakuhitaji, mama. Tarehe ijayo twende wote."

"Nikaseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi tena? Hayo yalishakwisha. Baba yako amepumzika, unataka akasemwe huko kanisani?"

"Baba amekufa. Mimi bado nipo, na mimi ndiye ninayemeza vidonge."

Akaniangalia, na nilijua linalokuja kabla hajafungua mdomo. "Umekunywa dawa leo?"

"Saa moja asubuhi. Mbele yako."

Aliingia jikoni, na kwa muda mrefu nikasikia maji ya bomba yakimwagika bila chombo chini yake.

Siku ya tarehe yenyewe mvua ilinyesha kuanzia alfajiri. Mama alisimama dirishani na kikombe cha chai. "Jangwani kumejaa," akasema. "Hapapitiki." Na kweli hapakuwa pakipitika, kila mtu aliyetoka upande ule alisema hivyo, na kliniki iko ng'ambo ya huko. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa amefarijika kama mtoto aliyesikia mwalimu anaumwa. Tarehe ikasogezwa mwezi mzima. Mwezi huo tulikula pamoja, tulikwenda kanisani pamoja, na hatukuzungumza zaidi ya chumvi na ufunguo.

Tarehe ya pili jua liliwaka. Sikumuamsha. Nilikuwa nimepiga moyo konde kwenda peke yangu, nimwambie yule daktari kila kitu mwenyewe, aamini asiamini. Nilipotoka chumbani nikamkuta mama amekaa sebuleni, amevaa kitenge chake cha Pasaka, mkoba mapajani.

"Twende," akasema, "kabla sijaghairi."

Daktari alimwamkia mama, akamsogezea kiti kizuri, akalifungua daftari la kwanza. Hakuwa na haraka. "Mama, hapa imeandikwa kwamba binti hajawahi kuzaa. Ndivyo ilivyo?"

Mama aliangalia tangazo la kunawa mikono ukutani. Nikaanza kusema, "Daktari, mimi nili…" lakini daktari akainua mkono bila kunitazama. "Namsikiliza mama."

"Alizaa," mama akasema.

Nilishusha pumzi. Nilidhani tumefika. Neno hilo moja ndilo nililolifuata, na lilikuwa limeshasemwa mbele ya mtu mwenye kalamu.

"Lini?"

"Wiki tano kabla hajaanza kuumwa. Au sita."

"Mtoto alizaliwa mzima?"

Hilo nililijibu mimi. "Alizaliwa amekufa," nikasema, kama nilivyofundishwa.

Mama hakuitikia. Nilisubiri aitikie. Alikuwa anakunjakunja leso yake ndogo mpaka ikawa kama kidonge.

"Alilia," mama akasema.

Daktari aliacha kuandika.

"Alilia sana. Alikuwa na sauti kama ya huyu," akanionyesha kwa kidevu bila kugeuka. "Aliishi siku tatu. Mbili alinyonya vizuri. Tulikuwa tunamweka kifuani kwa mama yake hata mama mwenyewe akiwa hajitambui. Ya tatu akakataa, akapoa. Alikuwa wa kike."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia mama yangu. Nilisimama nikapiga meza ya daktari kwa kiganja, kalamu zikaruka, nikapiga kelele ambazo sikumbuki maneno yake. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikirudia kusema nilimsikia, nilimsikia, nilikuambia nilimsikia. Mlango ukafunguliwa. Nesi mmoja akachungulia, na nyuma yake mwanamume mwenye sare, maana pale mtu akipiga kelele huja wa kumshika.

"Yuko sawa," daktari akasema. "Funga mlango."

Sijawahi, tangu nianze kumeza vidonge, kupandisha sauti na mtu akasema niko sawa. Nikakaa.

Mama alikuwa akisema na leso yake. Bibi ndiye aliyeamua, akasema. Bibi alisema binti akijua mtoto aliishi atamlilia, atataka kaburi, atasema, na baba yake atajua. Akijua alizaliwa mfu atasahau upesi. "Nikaona ni huruma," mama akasema. "Halafu ulipoanza kumsikia huku dukani, nikaona nimeshachelewa. Nikaona heri waseme unaumwa kuliko waseme mimi…"

Daktari hakunifuta ugonjwa siku hiyo, na namheshimu kwa hilo. Alinieleza kwamba kuna maradhi ya akili yanayompata mwanamke wiki chache baada ya kujifungua, makali, yanayoweza kuja na kuondoka, na kwamba niliyopitia yanafanana nayo sana. Akasema yanafanana hayatoshi. Dawa itapunguzwa kidogo kidogo, nitamwona kila wiki mbili, na itachukua muda mrefu kabla hajathubutu kuandika jina jingine. Kisha akachukua daftari jipya kutoka kwenye droo yake, akaandika ukurasa wa kwanza mwenyewe, bila kunakili. Kwenye ugonjwa aliandika unachunguzwa upya. Alipofika kwenye uzazi akaniuliza nimezaa mara ngapi.

"Mara moja," nikasema. Nikarudia.

Kwenye bajaji nilimuuliza mama swali moja tu, yuko wapi.

"Kwa bibi. Chini ya migomba, upande wa mfereji. Pale penye isale."

Nalijua isale lile. Kwetu isale hupandwa mpakani, na hupandwa pia kaburini, na mimi siku zote nilidhani lile ni la mpaka. Kila Desemba tunapokwenda nyumbani nimekata majani ya ng'ombe pale pale. Mwaka mmoja nikasema ling'olewe, linaziba njia, na mama akanifokea mbele ya watu mpaka nikashangaa, na mjomba akasema pole pole jamani, mnajua hali yake. Niligeuza uso nikaangalia maduka hadi tulipofika.

Siku kama kumi baadaye mama alikuja dukani na mzigo uliotoka nyumbani kwa basi. Ndani kulikuwa na ndizi za kupika na kijitawi cha isale, jani lake moja limefungwa fundo. Alikiweka juu ya kaunta mbele yangu, kati ya mkasi na kipimo cha mbao. Anayekuletea isale lililofungwa hivyo anaomba msamaha, na kwa mila zetu halikataliwi, hata kama kosa ni la damu. Mama alijua hilo alipoliagiza. Nilikasirika upya. Niliona hata kuombwa radhi nimefungiwa mlango wa kutokea.

"Hilo jani la nini?" mdogo wangu akauliza.

Nilidhani mama atamwambia ni la mapambo. Akamwambia akae, akamweleza yote, mchana kweupe, wateja wakiingia na kutoka. Mdogo wangu alikuwa shule ya bweni miaka ile, hakuwahi kujua lolote. Alipomaliza kusikiliza alikuja upande wangu wa kaunta, akachukua kipimo cha mbao, akakitazama, akakirudisha. "Dada," akasema, na hakuendelea. Tangu siku hiyo hajaniuliza kuhusu dawa. Kuna wakati naona swali limemfikia mdomoni, analimeza.

Isale nililitia kwenye chupa ya soda yenye maji, kwa sababu sikujua la kufanya nalo. Sijalipokea wala sijalirudisha. Limetoa mizizi myeupe, myembamba, na sitaki kusema hiyo ina maana gani. Vidonge vimepungua kimoja. Nalala, si sana. Kuna siku naamka namchukia mama mpaka naogopa, na jioni yake nampikia mtori wa ndizi.

Jumamosi iliyopita duka lilijaa. Mama alikuwa amekaa juu ya robota pembeni, kama anavyopenda. Nilikuwa nakata mita nane za kijani nikiwa nimewapa watu mgongo, mtoto mchanga akaanza kulia mahali fulani nyuma yangu, kilio chembamba, cha njaa. Sikugeuka. Macho yangu yakaenda yenyewe kutafuta uso wa mtu, yakakutana na ya mama, na mama akaelewa nilichokuwa nafanya. Naamini aliielewa miaka yote kumi na minne kwa mara moja.

"Analia, mwanangu," akasema. "Hata mimi namsikia."

Nikaweka mkasi chini, nikageuka.